Baba mkwe, kinanda cha mabomba na kabati langu la vyombo

Wageni wanaofika kwetu Mohoro kwa mara ya kwanza huuliza mambo mawili. La kwanza ni mafuriko ya Aprili 2024 yalifika wapi, nami huwaonyesha mstari wa tope uliobaki ukutani, chini kidogo ya goti. La pili huja baadaye, tukiwa tumekaa barazani na chai imeshamiminwa, pale sauti inapoanza kutoka sebuleni: "Kumbe kanisa liko karibu hivi?"

Kanisa haliko karibu. Sebuleni yupo mzee wa miaka 71 kwenye kiti cha plastiki. Mbele yake kuna kompyuta mpakato na vinanda viwili vilivyopandanishwa kama vitanda vya bweni, na mguu wake wa kulia umevuliwa kandambili. Huyo ni baba mkwe wangu. Anapiga kinanda cha mabomba ambacho mabomba yenyewe yako Ulaya.

Mimi si mpiga kinanda wala sijui nota. Naandika kama mke, kama mkwe na kama muuguzi, na kama mtu ambaye tangu Agosti 2023 hufuta vumbi la mtambo huo kila asubuhi kabla ya kwenda kazini. Wenzangu wa kikundi cha vikoba wameniuliza mara nyingi ni kitu gani kile, kimegharimu kiasi gani, na kama nilikubali kwa hiari yangu. Nimeona niyaandike yote mara moja.

Baba anatoka Songea vijijini. Alijifunza kinanda akiwa kijana, kile cha kukanyaga, ambacho miguu inapampu hewa huku mikono ikipiga. Baadaye vikaja vya umeme. Kwa zaidi ya miaka 40 alipigia kwaya, akafundisha vijana sauti zote nne, akazika na kuozesha kijiji kizima kwa vidole vyake. Novemba 2022 akapata kiharusi. Alipona, lakini mkono wa kushoto ulibaki unaning'inia na mguu wa kushoto ukawa wa kuburuta. Kwaya yake haikuweza kusubiri. Kijana mwingine akakalia kile kiti. Hakuna aliyemfukuza. Hata hivyo mtu wa umri ule akiona kiti chake kina mwenyewe, haitaji kuambiwa.

Mama mkwe alikwisha kutangulia mbele za haki. Mume wangu ndiye kitinda mimba, anafundisha fizikia sekondari huku, na dada zake wawili wako Dar es Salaam. Kwa kuwa mimi ni muuguzi, kikao cha ukoo hakikuchukua hata nusu saa: mzee aende Mohoro.

Alifika Januari 2023 na begi moja na mfuko wa rambo uliojaa karatasi za nota. Siku ya pili akataka kujua Kinjikitile Ngwale alinyongewa wapi. Kwa wasiojua, Wajerumani walikuwa na ofisi yao hapa Mohoro, na ndipo walipomnyonga mganga yule wa Maji Maji tarehe 4 Agosti 1905. Februari 1906 wakawanyonga wazee wa Kingoni kule Songea. "Basi nimetoka kaburi moja kwenda jingine la vita hiyohiyo," Baba alisema, akacheka. Kilikuwa kicheko chake cha mwisho kwa miezi kadhaa.

Alikuwa akikaa chini ya mwembe akitazama barabara. Mazoezi ya viungo aliyakataa. Ule mpira wa kuminya kwa mkono mgonjwa alimpa mjukuu wake, akisema mpira ni wa watoto. Nilimsihi kama mkwe, nikamkalipia kama muuguzi, vyote bure. Kitu kimoja tu nilikigundua: jioni, akidhani hakuna anayemwona, mkono wake wa kulia ulikuwa ukitembea juu ya meza ya chakula. Vidole vinapanda, vinashuka, kidole gumba kinapita chini ya vingine. Nilimweleza mume wangu. Hakusema neno, lakini usiku ule alilala saa nane, uso wake unawaka mwanga wa simu.

Wazo alilokuja nalo asubuhi sikulielewa. Tulishamnunulia Baba kinanda kidogo cha kawaida, ukibonyeza namba fulani kinatoa sauti ya kanisa. Alipiga konodi tatu, akaondoa mkono. "Hii ni picha ya kinanda," alisema. Nilidhani ni kiburi cha uzee. Sasa najua alikuwa anasema kitu cha kweli kabisa.

Kinanda halisi cha mabomba ni kitu cha ajabu, na kama mzee anavyopenda kuwakumbusha wageni, ni cha Afrika: cha kwanza kinachojulikana kilibuniwa na fundi aitwaye Ctesibius pale Aleksandria, Misri, karne ya tatu kabla ya Kristo. Kila kitufe kina bomba lake. Kila aina ya sauti ina safu yake ya mabomba, mengine ya bati na risasi, mengine ya mbao. Bomba la sauti nene huwa na urefu wa karibu mita 5, lile jembamba kabisa ni fupi kuliko kidole. Mpigaji huvuta vishikizo kuchagua safu zipi zipate upepo, na hapo ndipo ufundi ulipo, maana safu mbili zikichanganywa hutoa sauti ya tatu ambayo haikuwapo. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake ya Liturujia ya Desemba 1963, ulikitaja kwa heshima ya pekee. Baba anakijua kifungu hicho kwa namba: 120. Lakini katika nchi zetu vinanda hivyo vinahesabika. Nairobi kipo katika Kanisa Kuu la Watakatifu Wote. Kukileta Rufiji ni kuwaandalia mchwa karamu.

Sasa, wako watu huko duniani wanaoingia kanisani usiku na maikrofoni, wakarekodi bomba moja baada ya jingine, mamia kwa mamia, kila moja kuanzia linapopata pumzi hadi mwangwi wake unapokufa ukutani. Sauti hizo huwekwa kwenye programu ya kompyuta. Ukibonyeza kitufe nyumbani kwako, programu inafungua sauti ya bomba lile hasa, pamoja na mwangwi wa kanisa lile. Ipo programu ya kulipia inayojulikana sana, Hauptwerk. Ipo na ya bure, GrandOrgue, ambayo mtu yeyote anaweza kuipakua. Mume wangu ni mwalimu wa serikali, kwa hiyo msomaji ameshajua tulichagua ipi.

Vifaa alivinunua Kariakoo wakati wa likizo: kompyuta mpakato ya mtumba yenye kumbukumbu ya gigabaiti 8, vinanda viwili vilivyotumika vyenye vitufe 61 kila kimoja, pedali moja ndogo ya mguu, kisanduku cha kutolea sauti na nyaya. Sabufa tulikuwa nayo. Jumla ilikuwa laki tisa na ushei. Fedha hiyo ilikuwa ya tangi la maji, na tangi lilikuwa langu, nilishalipigia hesabu miaka miwili. Nilikubali kwa sababu ya vile vidole juu ya meza. Lakini nilisema wazi kwamba nimekubali, ili isije ikasemwa baadaye kuwa sikuona.

Sauti zenyewe ni za kanisa la Bureå, kaskazini mwa Uswidi, zilizorekodiwa na Mswidi aitwaye Lars Palo ambaye amezitoa bure. Mume wangu alizipakua akiwa Dar na kuzibeba kwenye diski, maana kuzishusha kwa bando la simu hapa kwetu ni kununua ng'ombe kwa vikombe vya maziwa. Hivyo Mohoro, penye minazi, mikorosho na joto la kukausha kanga kabla hujamaliza kuianika, likaingia kanisa la nchi ambayo majira ya baridi jua hutoka kwa saa chache tu.

Siku ya kwanza ilikuwa mbaya. Baba alibonyeza, sauti ikaja nyuma yake. Akabonyeza tena. "Hakipigi," alisema, "kinaniigiza." Akainuka.

Mume wangu alinieleza usiku, nami naeleza nilivyoelewa. Kompyuta haitoi sauti moja kwa moja. Huikusanya kwanza kwenye mafungu, kama dereva wa daladala anayesubiri abiria wajae. Ikiwa inasubiri vipande 1,024 huku ikitoa vipande 48,000 kwa sekunde, basi imekwisha kuchelewa milisekunde 21, na Windows nayo huongeza uchelewaji wake. Akaweka programu ndogo ya bure iitwayo ASIO4ALL inayopita njia ya mkato, akapunguza fungu hadi vipande 256, yaani kama milisekunde 5. Hapo kompyuta ikaanza kukwaruza kama redio ya betri kuukuu, kwa kuwa haikumudu kasi. Ikabidi ndani ya GrandOrgue apunguze idadi ya sauti zinazoweza kulia kwa pamoja, azipakie sauti kwa ubora wa biti 16 badala ya 24 ili kumbukumbu itoshe, na azime kila kitu kingine kilichokuwa kikila nguvu chini kwa chini.

Mimi nikauliza swali la kipumbavu: mbona kanisa kubwa sauti nayo huchelewa? Mabomba yakiwa mita 15 kutoka kwa mpigaji, sauti huchukua kama milisekunde 44 kumfikia. Baba ndiye aliyejibu, kutoka chumbani kwake, tukidhani amelala. "Kanisani naiona njia ambayo sauti inapita. Hapa spika iko magotini pangu."

Alirudi kwenye kiti wiki iliyofuata. Na hapo ndipo nilipoelewa jambo ambalo wauguzi wenzangu huwa nawasimulia. Piano, na vinanda vingi vya umeme, husikiliza nguvu ya kidole: ukibonyeza kwa udhaifu, sauti nayo huwa dhaifu. Kinanda cha mabomba hakijali. Kitufe ni mlango tu wa upepo, umefunguka au umefungwa. Kidole cha mtoto, cha mwanamasumbwi na cha mgonjwa wa kiharusi hutoa sauti ileile, na hudumu kadiri kidole kinavyokaa. GrandOrgue nayo hufuata desturi hiyo. Mkono wa kushoto wa Baba, ambao haukuweza kushika kikombe, ukilazwa juu ya kitufe kimoja kwa uzito wake wenyewe, uliweza kushikilia noti nene mwanzo hadi mwisho wa ubeti. Sikuhitaji tena kumwambia afanye mazoezi.

Lakini ugomvi mkubwa ulikuwa haujaanza. Ulikuwa wa nani anatawala mtambo.

Kubadilisha sauti kulifanyika kwa kipanya kwenye skrini. Baba angepiga ubeti mmoja kwa filimbi laini, kisha akanyoosha shingo kumwita mwanawe aje afungue tarumbeta. Mwana anakuja, anafungua, anaongeza na nyingine mbili ambazo hakuagizwa, anaeleza faida zake, anafungua dirisha la marekebisho, robo saa imepita na mzee ameweka mkono mapajani. Mume wangu alikuwa na furaha ya mtu aliyepata mwanasesere. Alikuwa na haki yake, ndiye aliyeunganisha kila waya. Ila mchana alikuwa shuleni, na mchana ndio mrefu. Nikirudi kazini namkuta mzee amekaa mbele ya kinanda kimya, kimebaki kwenye sauti ileile aliyoiacha mwanawe asubuhi.

Nilimwambia mume wangu tukiwa tunakula: "Baba watoto, mtambo wako una wapigaji wawili, na mmoja haonekani mpaka saa kumi." Alinuna. Kisha akaja na kalamu.

Kazi aliyofanya siku mbili zilizofuata ndiyo ninayoiona kuwa mtambo wenyewe. Mengine yote yalikuwa kununua. Vinanda vyetu huzungumza na kompyuta kwa lugha iitwayo midi, iliyoanzishwa 1983, ambayo haisafirishi sauti bali habari tu: kitufe fulani kimebonyezwa, pedali imekanyagwa. Katika GrandOrgue unabofya upande wa kulia wa kipanya juu ya kitu chochote kwenye skrini, unaiambia isikilize, kisha unabonyeza unachotaka kiwe amri yake. Kwa hiyo chochote kinaweza kutawala chochote. Swali likawa si tena kompyuta inaweza nini, bali Baba anaweza nini.

Ana mkono wa kulia na mguu wa kulia. Basi ile pedali ndogo ikapewa kazi moja: kila ikikanyagwa, mpangilio wa sauti unaruka kwenda unaofuata. Baba hupanga kabla, ubeti wa kwanza sauti hizi, wa pili zile, programu inavikumbuka, naye akipiga husogea kwa kisigino. Vinanda vya mabomba vingi huishia vitufe 56 au 58, na vyetu vina 61, kwa hiyo vile vya mwisho mkono wa kulia vilikuwa bubu. Vikafanywa vya kurudi nyuma, kufuta yote, na kushusha ufunguo wa wimbo kwa nusu sauti. Na kwa kuwa hana miguu ya kupiga besi, wakawasha kiunganishi ambacho huchukua noti ya chini kabisa inayopigwa na kuipeleka kwenye mabomba makubwa. Mkono mmoja ukawa na besi yake.

Majina ya sauti kwenye skrini ni ya Kizungu na maandishi ni madogo. Baba alikata plasta, akaandika yake mwenyewe kwa wino wa buluu na kubandika pembeni ya skrini. Sauti kuu ni "Mwenye nyumba". Ile inayochanganya safu kadhaa za mabomba membamba ni "Pilau". Ile nene ya mabomba marefu ni "Kiboko", kwa heshima ya majirani zetu wa mtoni.

Huyo Kiboko alituletea kesi. Sauti yake ya chini ni kama mitikisiko 32 kwa sekunde, spika ndogo haziiwezi, lakini sabufa ilijitahidi. Glasi zangu kabatini zikaanza kulia zenyewe. Bibi jirani akaja na mtandio begani kuuliza kama tumenunua mashine ya kusaga. Aliposikia ni mzee, akaketi, akasikiliza, akasema inafanana na meli anayoikumbuka utotoni. Kwa kweli majirani walikuwa waungwana, na singeli za harusi za huku hupigwa mpaka alfajiri bila mtu kulalamika. Lakini sisi ni wageni katika mji wa Waislamu, na heshima haingoji kuombwa. Tukaweka utaratibu: kimya wakati wa adhana na swala, baada ya Isha ni hedifoni, na mwezi wa Ramadhani sabufa hulala. Baba hawezi kuvaa hedifoni kwa mkono mmoja bila kuziangusha, kwa hiyo mjukuu humvalisha, na ujira wake ni kuombewa wimbo mmoja autakao. Mara ya kwanza alitaka singeli. Kanisa la Bureå halijawahi kusikia kitu kama kile.

Nisimdanganye msomaji: mkono haukupona. Muujiza haukutokea. Kilichotokea ni kwamba Baba alianza kuoga kabla sijamwambia, na kunyoa, kwa sababu, anasema, huwezi kwenda kanisani na ndevu. Desemba 2023 mkono wa kushoto uliweza kubonyeza vitufe viwili kwa zamu. Kama ni kinanda, au muda, au vidonge vya presha alivyoanza kumeza bila kukumbushwa, sitasema, maana sijui mizani ya kuvitenganisha.

Mwezi huohuo mawifi walikuja. Nia yao ilikuwa njema: Dar kuna wataalamu wa mazoezi ya viungo, huku kuna mimi. Chumba kilikuwa tayari na godoro jipya. Wifi mkubwa alisimama mlangoni akitazama nyaya, plasta, baba yake aliyezama kwenye skrini, akasema, "Mmemfunga kwenye mashine ili asiwasumbue." Neno hilo lilinichoma. Nilitaka kumwuliza ni nani humgeuza usiku, nikanyamaza, kwa sababu si swali la kumwuliza mgeni na kwa sababu kulikuwa na punje ya kweli: ndiyo, mzee akiwa kwenye kinanda mimi hupika kwa amani.

Baba hakugeuka. Alimaliza ubeti, akakanyaga pedali, sauti zikabadilika zote kwa mpigo, akapiga ubeti mwingine kwa sauti ya Mwenye nyumba na Pilau, dari ikajaa. Kisha akasema, mgongo ukiwa bado kwao: "Binti yangu, tangu niugue, mmeamua nile nini, nilale saa ngapi, nikae mkoa gani. Hapa nimekaa naamua mimi." Wifi alilia. Tuliafikiana kwamba kila miezi mitatu aende Dar wiki mbili kwa ajili ya kliniki na mazoezi, kisha arudi. Ndiyo makubaliano hadi leo, ingawa wifi huniambia kwenye simu kwamba godoro bado lipo.

Mafuriko yalipokuja, tulimtoa Baba kwanza, mume wangu kambeba mgongoni, kompyuta ikafuata kichwani kwangu ndani ya beseni. Vinanda tulivifunga juu ya kenchi kwa kamba za katani. Tulikaa kwa rafiki kwenye mwinuko majuma matatu. Maji yalichukua mpunga wa watu, nyumba za watu, na kuhesabu vinanda mbele ya majirani waliopoteza shamba zima ni aibu, kwa hiyo nitasema tu kwamba kilichoharibika kwetu ni adapta moja na sabufa. Kiboko alinyamaza mpaka Oktoba. Pia tulinunua yupiesi, maana umeme ukipepesa kompyuta huzimika katikati ya wimbo na kupakia sauti upya huchukua dakika kadhaa, na Baba huzihesabu kwa sauti.

Sasa nifikie kabati.

Miezi miwili iliyopita, nikipiga deki, niliona chini ya kinanda, upande wa kushoto, sakafu imeng'aa kama imepigwa msasa. Upande wa kulia hapana, huko kuna pedali. Nilijificha jikoni nikachungulia. Baba alikuwa anapiga, na mguu wa kushoto, ule wa kuburuta, ulikuwa ukienda na kurudi polepole sakafuni, ukitafuta vitufe ambavyo havipo. Vinanda vikubwa vina ubao wa miguu, vipande virefu vya mbao vinavyopigwa kwa vidole na visigino. Yeye hajawahi kuwa nao maishani. Aliuona kwenye video.

Nilipomwambia mume wangu, alikuwa anajua. Walikuwa wanajua wote wawili. Fundi seremala ameshaonyeshwa mchoro: noti 30, kwa mbao za mninga, kila kipande na sumaku ndogo chini yake, na mume wangu atatengeneza kisanduku cha kuzitafsiri ziwe midi. Mtaalamu wa mazoezi kule Dar, alipoulizwa, alisema mguu ukitaka kusogea aachwe ausogeze, ila kiti kiwe na egemeo na mikono, asije akaanguka. Hilo nimelisimamia mimi. Bila kiti hicho hakuna ubao.

Ubao una upana wa zaidi ya mita moja, na kiti chenye egemeo kinataka nafasi yake. Sebule yetu haina nafasi hiyo isipokuwa mahali liliposimama kabati langu la vyombo, nililopewa na mama yangu siku ya kufundwa. Mume wangu anapendekeza liende ukumbini. Ukumbini mlango hautafunguka. Anapendekeza chumbani. Chumbani kuna kitanda na ukuta. Jana Baba aliniita, akaniambia kwa upole mkubwa kwamba anaweza kuridhika na noti 18, ubao mfupi, kabati libaki. Najua mbinu za wazee. Alijua nitalala na maneno hayo.

Fundi anakuja Jumamosi na futi kamba. Nimemwambia mume wangu kwamba kabla hajapima sakafu apime kabati, na kabla hajapima kabati atoe glasi zangu zote, moja moja, kwa mikono yake.